Nafasi Iliyouzwa Mara Mbili: Kero za Abiria kwa Abiria Wenzao katika Safari za Ndege

Malalamiko ya wasafiri wa ndege dhidi ya wasafiri wenzao yamejirudia kwa miongo kadhaa karibu bila kubadilika: kiti cha mbele hulazwa ghafla mpaka kikagusa magoti ya aliye nyuma, aliye nyuma naye husukuma kwa magoti mgongo wa aliye mbele, mabegi makubwa hushindiliwa katika makabati ya juu, watu husongamana getini kabla ya kuitwa, mtoto hulia, jirani hutazama filamu katika simu bila kuvaa visikilizi, na magurudumu yanapogusa tu ardhi, mikanda hufunguliwa na njia ya katikati hujaa watu waliosimama bila pa kwenda. Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo likitokea sebuleni au sokoni lingemkasirisha mtu kwa kiwango hicho, na kwa hiyo chanzo cha hasira hakina budi kutafutwa mahali yanapotokea na katika mpangilio unaoyazaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa utovu wa adabu wa abiria ni zao la biashara inayowauzia watu wawili nafasi ileile bila kuwaeleza ni nani mwenye haki nayo, kisha ikajiondoa na kuwaacha waamuane wenyewe. Na kwamba kwa kutotambua hilo, hasira humwangukia mara nyingi asiye na hatia, huku mwenye hatia ya kweli akivumiliwa mpaka afike hatua ya kuhatarisha maisha ya wengine.

Kabla ya kuendelea inafaa kutenga mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni kero, yaani tendo linaloudhi lakini lisilovunja sheria wala amri ya wahudumu. La pili ni ukorofi, ambao katika lugha ya mamlaka za anga ni tendo la abiria anayekataa kutii maelekezo au anayevuruga usalama na utulivu ndani ya ndege. Ukorofi huhesabiwa: takwimu za IATA, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, zinaonyesha kwamba mwaka 2021 liliripotiwa tukio moja la namna hiyo kwa kila safari 835, mwaka 2022 tukio moja kwa kila safari 568, na mwaka 2023 tukio moja kwa kila safari 480. Kero haziingii katika hesabu hizo, kwa kuwa anayeudhika aghalabu hunyamaza na kushuka na hasira yake. Hata hivyo ukorofi mwingi huanza kama kero iliyokosa mtu wa kuiamua mapema, na ndiyo maana haiwezekani kuchambua mojawapo bila kuigusa nyingine.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni hali ya mwili wa msafiri. Shinikizo la hewa katika chumba cha abiria hulingana na lile la mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400, yaani juu kidogo ya mwinuko wa jiji la Nairobi au zaidi, na kwa mtu aliyepanda ndege pwani badiliko hilo humjia kwa muda usiofika nusu saa; unyevu wa hewa mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20 hata koo na macho yakakauka; mngurumo wa injini haukomi; na aliyechoka hana uhuru wa kutoka nje kupunga upepo. Juu ya hayo kuna ukaribu wa miili. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966 kuhusu namna binadamu wanavyotumia nafasi, alionyesha kwamba Wamarekani aliowachunguza waliuhifadhi umbali wa takriban sentimita 45 kuzunguka mwili kwa ajili ya watu wa karibu sana, kama vile mwenzi na mtoto, na kwamba mgeni akiingia humo mwili hupatwa na wasiwasi hata kama akili haijaona hatari. Kiti cha daraja la kawaida chenye upana wa takriban sentimita 43 hadi 46 humweka mgeni ndani ya mpaka huo kwa saa nane, na wakati mwingine kwa saa kumi na tano.

Watu hustahimili ukaribu huo kwa kujifanya hawaonani. Mwanasosholojia Erving Goffman, mwaka 1963, aliieleza tabia hiyo kama adabu ya kutojali, kwa maana kwamba wageni wanaokutana mahali pa umma hutazamana kwa nukta moja ili kukiri kwamba kila mmoja amemwona mwenzake, kisha kila mmoja huondoa macho yake ili asimwingilie. Maelezo haya yanafaa kwa jamii za mijini za Magharibi alizozichunguza, lakini hayatoshi kwa ndege inayotoka Dar es Salaam au Mombasa, ambako mtu aliyelelewa kumwamkia jirani kabla ya kuketi, na kumpa shikamoo aliyemzidi umri, huona ukimya wa aliye kando yake kuwa kiburi, wakati huohuo jirani huyo, ikiwa desturi yake ni nyingine, huona maswali ya unatoka wapi na unakwenda wapi kuwa upekuzi. Wote wawili wanafuata adabu, na wote wawili huudhika. Kwa sababu hiyo haiwezekani kutunga orodha moja ya makosa ya abiria inayofaa kwa ndege zote, na orodha nyingi zinazochapishwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani ni orodha za mazoea ya mahali fulani yaliyovikwa vazi la kanuni ya dunia nzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kwa nini watu wanaobanana kila siku ndani ya daladala au matatu, wakiwa wamesimama na kushikilia bomba huku kwapa la mmoja likiwa usoni mwa mwingine, hawagombani kwa kiwango cha watu waliokaa katika viti vyao na kuhudumiwa chai. Sehemu ya jibu ni muda, kwa sababu safari ya daladala ni fupi na kituo kinachofuata ki karibu. Lakini sababu mbili nyingine zina uzito zaidi. Ya kwanza ni kwamba nauli ya daladala hununua kufika, na aliyesimama hana dai la kipande chochote cha sakafu, kwa hiyo anapoambiwa asogee husogea bila kuona kwamba amenyang'anywa. Abiria wa ndege, kinyume chake, hupewa karatasi yenye namba ya safu na herufi ya kiti, naye huamini kwamba amenunua mahali. Ya pili ni kwamba ndani ya daladala yupo konda, ambaye ndiye aliyeshindilia watu na ndiye anayebeba lawama hadharani: abiria humsema, humcheka, humkemea, na kwa kufanya hivyo huwa upande mmoja dhidi yake. Ndani ya ndege mtu aliyeamua idadi ya safu hayupo. Yuko ofisini katika jiji jingine, na mhudumu anayeonekana hana mamlaka ya kusogeza kiti hata kwa sentimita moja. Hasira inapokosa mlengwa wake halali humtafuta aliye karibu.

Hali hii huonekana wazi kuliko popote katika ugomvi wa kiti kinacholazwa. Nafasi ya abiria hupimwa kwa umbali kati ya sehemu fulani ya kiti kimoja na sehemu hiyohiyo ya kiti kilicho mbele yake, umbali ambao hapa utaitwa nafasi ya safu. Katika Marekani, mpaka mwaka 1978, bodi ya serikali ndiyo iliyoidhinisha njia na nauli za ndege, na kwa kuwa mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, yalishindana kwa chakula, huduma na ukunjufu wa viti. Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo mnamo Oktoba 1978, ushindani ulihamia kwenye nauli, nauli halisi zikashuka, na watu ambao awali wasingeweza kupanda ndege wakaanza kusafiri. Faida hiyo ni kubwa na haipaswi kudharauliwa. Gharama yake ililipwa kwa nafasi. Nafasi ya safu iliyokuwa kama sentimita 89 katika ndege nyingi imekuwa kama sentimita 79, na katika mashirika ya nauli nafuu imefika sentimita 71, ilhali miili ya abiria haikupungua. Viti vitupu navyo vimekuwa adimu: kwa mujibu wa IATA, mwaka 2024 asilimia 83.5 ya nafasi zilizotolewa duniani zilijazwa, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla yake, kwa hiyo kiti cha katikati ambacho zamani mara nyingi kilibaki wazi na kuwapa majirani wawili pumzi sasa huwa na mtu.

Kiti kilichowekewa kitufe cha kukilaza humwambia aliyekikalia kwamba amenunua haki ya kulala. Nafasi iliyo mbele ya magoti, yenye meza ya kukunjua, humwambia aliye nyuma kwamba amenunua haki ya kula, kuandika na kufungua kompyuta. Haki hizi mbili zinahusu sentimita zilezile za hewa. Mnamo Agosti 2014 ndege iliyotoka Newark kwenda Denver ililazimika kutua Chicago baada ya abiria mmoja kufunga kwenye meza yake vibanio vidogo vya plastiki vinavyozuia kiti cha mbele kisilale, na abiria wa mbele kumrushia maji. Wote wawili walishushwa. Vyombo vya habari viligawanyika katika kuuliza ni yupi kati ya wawili hao aliyekuwa mkosefu, na ni wachache waliouliza ni nani aliyetoza fedha mara mbili kwa nafasi moja.

Wanauchumi na wanasheria waliuchukua mgogoro huo kama mfano wa nadharia ya Ronald Coase, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1991, ambaye katika makala yake ya mwaka 1960 alieleza kwamba pale haki inapokuwa wazi na mapatano yanapokuwa hayana gharama, pande mbili zitauziana haki hiyo mpaka ifike kwa anayeithamini zaidi, bila kujali ni nani aliyekuwa nayo mwanzoni. Kwa mtazamo huo, aliye nyuma anayetaka kiti kisilazwe na amlipe aliye mbele. Wasomi wawili wa sheria, Christopher Buccafusco na Christopher Sprigman, waliipima hoja hiyo mwaka 2014 kwa kuwauliza watu, na majibu waliyoyapata yanafundisha mengi. Walipoambiwa kwamba haki ni ya aliye mbele, waliokaa mbele walitaka kwa wastani dola 41 ili wasilaze kiti, lakini waliokaa nyuma walikuwa tayari kutoa dola 18 tu. Walipoambiwa kwamba haki ni ya aliye nyuma, waliokaa mbele walikuwa tayari kutoa dola 12 tu ili walaze, na waliokaa nyuma walidai dola 39 ili wakubali. Kila aliyehisi kwamba kitu ni chake alikipandisha thamani, na soko likakwama. Lakini swali lilipohusu kununuliwa kinywaji au kitafunwa badala ya fedha, zaidi ya robo tatu ya waliokaa mbele walikubali kuacha kiti wima. Mtu aliyekataa kuuza haki yake alikuwa tayari kuitoa kwa anayemwendea kwa staha, na hili halitamshangaza yeyote anayejua tofauti kati ya kuombwa na kuamriwa. Kugeuka na kusema samahani kabla ya kulaza kiti, au kusubiri mpaka trei za chakula ziondolewe, huondoa sehemu kubwa ya uchungu hata kama sentimita zilizochukuliwa ni zilezile.

Baadhi ya mashirika yameamua kumaliza ubishi kwa kuondoa kitufe chenyewe. British Airways ilitangaza mwaka 2018 kwamba ndege zake mpya za safari fupi zingekuwa na viti visivyolazwa katika daraja la kawaida, na Delta mwaka 2019 ilipunguza mlalo wa viti katika ndege zake za aina ya A320 kutoka inchi nne hadi mbili. Hatua hizi ni za busara kwa safari ya saa mbili. Zinapotumika katika safari ya usiku kucha huhamisha tu maumivu kutoka kwenye magoti kwenda kwenye mgongo. Suala la kuwekewa nafasi ya safu kiwango cha chini kisheria limefika hadi mahakamani Marekani, ambako mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliitaka mamlaka ya anga, FAA, ilitafakari upya. Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo likaiagiza mamlaka hiyo iweke viwango vya usalama, na mwaka 2022, ilipoomba maoni ya wananchi, ilipokea zaidi ya 26,000. Hata hivyo agizo lenyewe linahusu uwezo wa watu kutoka ndani ya ndege wakati wa dharura, na raha ya msafiri imeachiwa soko.

Kama kiti ni mgogoro wa mbele na nyuma, kabati la juu ni mgogoro wa kila mtu na kila mtu. Mwaka 2008, wakati bei ya mafuta ghafi ilipokaribia dola 140 kwa pipa, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokabidhiwa kaunta, na mashirika mengi ya Marekani yakafuata. Abiria, kwa hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya, waliacha kukabidhi mabegi na kuyabeba mkononi, hali makabati hayakutengenezwa kubeba begi kubwa la kila abiria. Tangu hapo kuingia mapema ndani ya ndege kukawa na thamani, kwa sababu anayeingia mwisho hukuta makabati yamejaa na begi lake hupelekwa chini. Na kwa hiyo watu husimama getini nusu saa kabla ya kuitwa, huziba njia ya wenye viti vya magurudumu, na hubishana kuhusu namba za makundi. Msongamano wa getini unaolaumiwa kuwa ni ulimbukeni ni mwitikio wa akili timamu kwa kanuni mbaya.

Hata utaratibu wa kuwaingiza watu haukubuniwa kwa kuwapunguzia adha. Jason Steffen, mwanafizikia wa anga za juu, alionyesha mwaka 2008 kwa hesabu za kompyuta kwamba kuingiza abiria kwa makundi kuanzia safu za nyuma, jambo linaloonekana kuwa la mantiki, ni miongoni mwa njia za polepole kabisa, kwa kuwa watu wote wa kundi moja husimama mahali pamoja wakisubiriana kupandisha mabegi. Kuwaacha waingie bila mpangilio wowote ni haraka zaidi, na haraka kuliko zote ni kuwapanga wale wa dirishani kwanza kwa safu zilizoachana. Miaka mitatu baadaye jaribio la watu 72 katika chumba cha mfano lilithibitisha hivyo. Mashirika mengi hayakuufuata ushauri huo, kwa kuwa kuingia kwanza kumekuwa bidhaa inayouzwa kwa wenye kadi za uaminifu na tiketi ghali.

Katika njia za Afrika Mashariki mzigo una historia yake, na hukumu ya haraka hapa hupotosha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Guangzhou au Dubai, mahujaji wanaotoka Jeddah na maji ya Zamzam, na familia za Unguja na Muscat zinazotumiana halua, viungo na nguo, hawasafirishi vitu vyao binafsi pekee; begi lao limebeba ahadi kwa watu kumi waliobaki nyumbani. Kikomo cha kilo 23 kwa begi, ambacho mashirika mengi hukitumia, kinapogundulika kwenye mizani ya kaunta na si nyumbani, matokeo yake ni mabegi kufunguliwa sakafuni, jozi za viatu kuhamishwa, na foleni nzima kusimama. Kero kwa walio nyuma ni ya kweli, na mizani ndogo ya mkononi ingeizuia. Lakini anayemwona mwenye begi hilo kuwa mshamba hajui kwamba kukataa kubeba mzigo wa jirani kungekuwa, mbele ya jamii yake, kosa kubwa kuliko kuchelewesha foleni ya wageni. Vivyo hivyo kwa wanaosafiri mara ya kwanza: nauli nafuu zilipoanza kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro mwishoni mwa mwaka 2012, wengi walioingia ndegeni hawakuwahi kufunga mkanda wa namna ile wala kupita ukaguzi wa kuvua mshipi na kutoa chupa ya maji. Kizuizi cha vimiminika vinavyozidi mililita 100, kilichotokana na njama ya mabomu iliyogunduliwa Uingereza mnamo Agosti 2006, hakiwezi kukisiwa na mtu asiyeelezwa. Wa kulaumiwa ni kiwanja kinachoandika maelekezo yake kwa lugha ambayo nusu ya foleni haiisomi.

Tabaka nalo lina nafasi yake. Utafiti wa Katherine DeCelles na Michael Norton uliochapishwa mwaka 2016 ulidai kwamba uwezekano wa tukio la ukorofi katika daraja la kawaida ulikuwa karibu mara nne zaidi katika ndege zenye daraja la kwanza kuliko katika ndege zisizo nalo, kiasi kinachofanana na athari ya ndege kuchelewa kwa saa tisa na nusu, na kwamba uliongezeka zaidi pale abiria wa kawaida walipolazimika kupita katikati ya viti vya matajiri wakati wa kuingia. Watafiti wengine waliupinga kwa hoja za kitakwimu, wakisema kwamba matukio yenyewe ni machache na kwamba ndege zenye madaraja hutofautiana na zisizo nayo kwa mambo mengi. Upinzani huo una uzito, na namba ile ya mara nne haifai kunukuliwa kama kipimo kamili. Lakini kwamba binadamu huumia zaidi anapoonyeshwa starehe aliyonyimwa kabla ya kuelekezwa kwenye dhiki yake ni jambo ambalo halihitaji takwimu nyingi ili likubalike.

Hakuna dhuluma katika suala hili zima inayozidi ile inayofanyiwa watoto wachanga na mama zao. Ndege inapopanda na hasa inaposhuka, hewa iliyo ndani ya sikio la kati lazima ilingane na ile ya nje kupitia mrija mwembamba unaoliunganisha sikio na koo. Mtu mzima hufungua mrija huo kwa kumeza mate au kupiga miayo, ilhali mtoto mchanga hajui kufanya hivyo kwa makusudi na mrija wake ni mwembamba zaidi, kwa hiyo hulia kwa maumivu. Kumnyonyesha au kumpa chupa wakati wa kushuka humsaidia kwa kuwa humfanya ameze. Kilio hicho si tabia, na mama anayetazamwa kwa macho makali na safu nne za watu hana kosa la kujutia. Mashirika kadhaa yametenga sehemu zisizo na watoto, kama lilivyofanya AirAsia X mwaka 2013 na Corendon katika safari za Amsterdam kwenda Curaçao mwaka 2023, na kwa mtu anayehitaji usingizi kabla ya upasuaji au mazishi huduma hiyo inaweza kuwa na maana. Ubaya wake ni kwamba inamfundisha abiria kumwona mtoto kuwa bidhaa mbovu aliyouziwa pamoja na tiketi. Anayestahili kukemewa ni mzazi wa mtoto mkubwa anayepiga teke kiti cha mbele kwa saa nzima huku mzazi huyo akichezea simu. Hapo kuna uwezo wa kuzuia, na palipo na uwezo pana wajibu.

Kigezo hicho cha uwezo wa kujizuia ndicho kinachoingiza kundi la mwisho la kero, ambalo mpangilio wa biashara hauwezi kulitetea. Anayesikiliza mahubiri au mpira kwa sauti, anayepandisha miguu isiyo na soksi kwenye egemeo la mkono la aliye mbele, anayemshika mhudumu kiuno au kumpigia vidole kana kwamba anaita mbuzi, hafanyi hayo kwa kukosa sentimita. Mlevi yuko mbele ya wote hawa. Uchovu, hewa kavu na upungufu wa oksijeni huongeza athari za kileo, na bado viwanja huuza pombe tangu alfajiri. Katika Uingereza na Wales, baa zilizo ndani baada ya ukaguzi hazibanwi na sheria ya vileo ya mwaka 2003 inayozibana baa za mitaani, ingawa kuwa mlevi ndani ya ndege ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Muuzaji hupokea fedha ardhini na mhudumu hupokea ngumi angani. Wakati wa janga la korona hali ilizidi: mwaka 2021 FAA ilipokea ripoti karibu 6,000 za abiria wakorofi, nyingi zikihusu kukataa kuvaa barakoa, na ilitangaza kwamba haitatoa tena maonyo bali faini na mashtaka moja kwa moja.

Kwa muda mrefu sheria ya kimataifa ilikuwa na ufa mkubwa katika jambo hili. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 ulimpa rubani mkuu mamlaka ya kumfunga abiria mkorofi na kumshusha, lakini ulitambua hasa mamlaka ya kisheria ya nchi ambamo ndege imesajiliwa, hivyo mtu aliyempiga mhudumu ndani ya ndege ya nchi nyingine angeweza kukabidhiwa kwa polisi wa uwanja alipotua na kuachiwa kwa kuwa hapakuwa na kifungu cha kumshtaki. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014 iliongeza mamlaka ya nchi ambako ndege inatua na ile ya nchi yenye makao ya mwendeshaji wa ndege, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 baada ya Nigeria kuwa nchi ya 22 kuiridhia. Ufa huo unazibwa kwa nchi zilizoridhia tu, na nchi iliyo nje ya itifaki hiyo, kama sheria zake za ndani hazijauziba, inawaacha wahudumu wa ndege bila kinga katika ardhi yake.

Linabaki tendo moja ambalo huanza kama kero ndogo na kuishia kuwa hatari kubwa kuliko yote: kufungua kabati na kuchukua begi wakati ndege inaungua. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates yenye watu 300 ilianguka kwenye njia ya kurukia ya Dubai, na picha zilizochukuliwa ndani zilionyesha abiria wakitafuta mabegi yao huku wahudumu wakipaza sauti waache kila kitu. Wote walitoka hai, lakini mzima moto mmoja aliuawa na mlipuko wa tangi la mafuta uliofuata. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kushika moto, ambapo watu watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walifariki. Katika ile kubwa milango mitatu tu kati ya minane ilifaa kutumika na vipaza sauti havikufanya kazi, na wote 379 walitoka, wengi mno bila begi. Ndege huidhinishwa kwa jaribio ambalo watu wote hutakiwa kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango, na washiriki wa jaribio hilo hawatoki na masanduku mikononi. Anayesimama sekunde tano kuvuta begi lake huwasimamisha wote walio nyuma yake sekunde tano, na wanaomfuata wakifanya vivyo hivyo sekunde hizo hujumlishwa.

Hata hapa chanzo hakiko kwa mtu mmoja pekee. Biashara iliyowatoza watu kwa kukabidhi mabegi imewafundisha kuweka pasipoti, dawa, fedha na kompyuta katika begi lililo juu ya kichwa, na mtu aliyeshtuka hurudia alichozoea kila ndege inaposimama. Imependekezwa makabati yafungwe kwa kufuli zinazodhibitiwa na wahudumu wakati wa kuruka na kutua. Pingamizi lililopo ni zito: aliyehangaika kufungua kabati lisilofunguka anaweza kuziba njia kwa muda mrefu kuliko aliyelifungua na kuondoka, na ukweli wa pingamizi hilo hauwezi kujulikana kwa mabishano, isipokuwa kwa jaribio la watu halisi, wenye mabegi halisi, ndani ya chumba kilichojaa moshi bandia na chenye nafasi ya safu ya sentimita 71.